Alama ya Matope Ukutani kwa Mogaka

"Mvua ikija, matope ya kilima kilichoungua yatatufikia wapi?" Dada Abigael, unakumbuka Mogaka akimuuliza yule mtaalamu wa maporomoko? Akajibiwa kompyuta inasema magotini, tulale tu.

Matope yameshashuka, na leo mtaalamu amerudi kupima. Alama ya matope ukutani kwa Mogaka, pale alipofia mkewe Gesare, imepita kichwa cha mtu. Jamaa anasema, "Hayo ni maji yaliyoruka tu. Naandika magoti, kama kompyuta ilivyosema."

Magoti! Dada, Mogaka alimkaba shingo, akamgonga ukutani mara mbili, damu puani. "Simama hapo! Goti lako liko wapi?"

Nikamwita Yesu, nikamshika Mogaka mkono. Nikamwambia yule, "Andika unachoona, mwanangu, watu wahamishwe kabla ya mvua nyingine."

Akaandika mita mbili. Mogaka akasoma, akamwachilia, akatoka.