Mahamri ya Zuhura

Mama, shikamoo. Huku Likoni joto halisemeki, lakini moyo wangu umeburudika. Nimemkuta Zuhura wetu katika hii nyumba ya kina mama na watoto wenye ukimwi, mikono imejaa unga, akiwapikia wote mahamri. Mwanawe alikuwa kamng'ang'ania buibui, akidai la kwanza! Tukaketi mkekani, pamoja na bibi mmoja jirani aliyefuata harufu, sote tukachovya katika bakuli moja la mbaazi. Bibi akalamba vidole: "Nani kakufunza mapishi haya, mwanangu?" Zuhura akajibu, "Mamangu." Wallahi nilivimba kichwa!

Mungu akupe afya. Nitakuja na Zuhura na mwanawe Idi, inshallah. Ile sahani uliyomtengea Zuhura alipougua, ichanganye na zetu.

Mwanao, Rukia