Miji Ambayo Sikufika, Tata

Tata,

Nimefika, baba yangu. Nimechelewa siku kumi na moja. Udongo wako bado haujashikana, na maua ya plastiki waliyoweka wanajumuiya yamerukiwa na tope la mvua ya juzi. Dada Generoza alinipokea Bukoba, nikalala kwake Kahororo, asubuhi tukaja Muleba. Kaburini sikulia. Nilisimama tu kibanjani, katikati ya migomba yako, kama mgeni anayesubiri kukaribishwa.

Kuna jambo sikukwambia. Sasa nimebaki nalo mdomoni, halimezeki wala halitemeki.

Unakumbuka simu zetu za Jumapili. Ukitoka misa ya kwanza unakaa barazani, simu umeiweka sauti ya juu, Ta Kagaruki jirani yako kavuta kiti karibu, na wewe unaanza: "Proje, wiki hii umeona nini?" Wewe uliyefika Mwanza mara mbili tu, zote kwa ajili ya hospitali, ulitaka kujua watu wa mbali wanaamkaje, wanakula nini, wanazikana vipi.

Miaka ya kwanza ya kazi yangu huko Istanbul, Uturuki, nilikusimulia niliyoyaona kwa macho yangu. Paka aliyelala juu ya mizani dukani, muuza samaki akawa anakadiria uzito kwa mkono asimwamshe. Mkate uliobaki ambao hautupwi, unatiwa kwenye mfuko na kutundikwa ukutani ili mwenye njaa ajichukulie. Bibi wa ghorofa ya nne anayeshusha kikapu kwa kamba, mwenye duka anaweka mkate, kikapu kinapanda. Ulicheka ukasema, "Huyo hana mjukuu wa kumtuma." Nilipokwambia watu wanapanda lifti pamoja hadi juu bila kusalimiana, ulisema, "Basi huko mtu anaweza kufa akiwa amesimama katikati ya watu."

Kisha kibali changu cha kuishi kikaisha, na kazi ikaisha nacho. Nikapata nyingine ya kupiga pasi mashati katika karakana iliyo chini ya jengo, chumba kisicho na dirisha. Nilitembea kutoka chumbani kwangu hadi pale, na kurudi, basi. Kwingine niliogopa polisi. Jumapili moja ukaniuliza, "Baada ya hapo unaelekea mji gani?" Nilifungua mdomo niseme siwezi kwenda popote, Tata. Likatoka neno Lisbon.

Lisbon sikufika. Wala Venisi, ule mji uliojengwa juu ya maji niliokusimulia baadaye. Niliiona yote kwenye simu, nimekaa juu ya robota la mashati wakati wa chakula. Tramu ya njano inayopanda mlima, akina mama wanaoanika nguo madirishani juu ya vichwa vya wapita njia, yote hayo niliyachukua kwa watu wengine waliokuwa wakitembea. Ta Kagaruki aliuliza, "Huko kwenye maji, maiti wanazikwa wapi?" Nikaomba wiki moja, nikatafuta, nikamjibu kwamba wana kisiwa kizima cha makaburi. Ni kweli kipo. Lakini nilijibu kama mtu aliyesimama pale akakiona.

Halafu ile ya kahawa. Mwaka ule mvua ilikuwa imeangusha maua ya mibuni, sauti yako ilikuwa chini, nami nilitaka kuiinua. Nikasema nimeingia duka la kahawa Lisbon, nikakuta gunia limeandikwa Bukoba, nikanywa, nikamwambia mwenye duka kwamba baba yangu ndiye anayepogoa mibuni hiyo. Kisha nikakusikia ukimwambia Ta Kagaruki kwa Kihaya, sauti imepanda, kwamba kahawa yetu imefika.

Ningerudisha neno lile, Tata. Nilikuwa na Jumapili ngapi za kulirudisha?

Generoza ameniambia ulivyougua. Alitaka kunipigia tangu Pasaka, ukamkataza. "Msimkatishe safari. Mwacheni aone dunia, mimi naiona kupitia kwake." Sikuwa safarini. Nilikuwa chini ya ardhi na pasi mkononi. Ungeniita ningekuja, hata kwa pingu ningekuja, na ndivyo nilivyokuja: siku niliyopata habari nilijipeleka mwenyewe kituo cha polisi nikawaambia sina kibali, nirudisheni kwetu, baba yangu amefariki. Wakaniweka ndani siku tisa kabla ya kunipandisha ndege. Siku tisa nikihesabu wewe uko wapi. Sasa wanamwosha. Sasa wanachimba. Sasa wanaimba.

Generoza ameitunza karatasi ya wasifu uliosomwa mazishini. Imeandikwa: "Ameacha watoto wawili, mmoja wao ameishuhudia kahawa ya Muleba ikinywewa Ulaya." Niliisoma jikoni, dada akimenya ndizi. Nikamwambia yote. Hakuinua uso. Alisema, "Nyamaza nayo. Ukiyasema, watakayemcheka ni marehemu, si wewe."

Nikanyamaza siku nne. Siku ya tano Ta Kagaruki akaja na daftari. Wakulima wamekubaliana kuliandikia lile duka la kahawa, alitaka jina lake na mtaa. Alikuwa amekwisha fungua ukurasa mpya, kalamu mkononi, miwani imeshuka puani. Ningeweza kumtungia jina, Tata. Jina lilikuwa limekwisha nijia.

"Hakuna duka," nilisema. "Lisbon sikufika."

"Na Venisi?"

"Sikufika."

"Baba yako alikufa akiitaja kahawa ile," alisema. Akafunga daftari, akachukua kofia yake, akaondoka bila kuaga.

Jumapili iliyopita nilikwenda misa. Watu walinisalimia kwa adabu, wakanipa pole, wakapita. Hakuna aliyeniuliza nimeona nini. Hata mmoja. Nilibaki nje ya kanisa peke yangu, na pale ndipo nilipolia, mtu mzima, mbele ya watu, sijui kama nakulilia wewe au najililia. Sijui kama uliondoka duniani ukiwa na furaha niliyokupa au uongo niliokuuzia. Nimepekua simu yangu yote nikitafuta sauti yako. Hakuna mahali nimeirekodi. Laiti ningeisikia hata ikinigombeza.

Kesho nakwenda kwa Ta Kagaruki. Asipoitikia salamu yangu nitasimama uani kwake, na akinifukuza nitarudi keshokutwa. Nitakwenda na kwa wale wakulima, mmoja mmoja, wanisikie mimi kabla hawajasikia kwa jirani. Generoza hataki, na labda ana haki. Lakini aibu hii ni yangu, Tata, sitakuachia uibebe huko uliko.

Sina ahadi nyingine. Sitakuahidi kwamba nitapona. Nakuahidi kwamba hakuna atakayesikia tena kutoka kwangu jambo ambalo sikuliona.

Pumzika, Tata. Nakuaga kwa kuchelewa, kama nilivyokuja.

Mwanao,
Projestus