Nilimfutia Therese Habari za Mumewe

(Majina yote katika barua hii yamebadilishwa.)

Mama Careen, shikamoo. Nakuandikia nikiwa na aibu ambayo sijawahi kuionja tangu nizaliwe, na nakuomba usiitupe barua hii kabla hujaniambia la kufanya. Mimi ni kijana wa Singida, niliajiriwa na shirika moja dogo kufundisha kompyuta kwenye kituo chetu ndani ya kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, nimepanga chumba kijiji cha jirani, Makere, na pale kituoni nafanya kazi na dada mmoja Mkongomani anaitwa Therese, ndiye msaidizi wangu, ana binti yake mdogo Benita, na mumewe Emile walipotezana njiani wakati wanakimbia vita, hajui kama yu hai au alikufa, na mimi Mama nilimpenda huyu dada, si kwa kumchezea, nikamtamkia kabisa kwamba nataka kumuoa, akanijibu kwa upole, "Obedi, ungoje kwanza. Miye sijue kama niko mujane ao niko bibi ya mutu." Nikasema nitangoja, na nilikuwa nangoja kweli.

Sasa pale kituoni tunatumia tovuti moja ya kuhifadhi linki, yaani ukikuta ukurasa unaoutaka unauweka pale ili siku nyingine usihangaike kuutafuta, maana mtandao wetu ni wa kubahatisha na watu wanasahau anwani, na kila mtu nilimfungulia sehemu yake nikamwambia kwa mdomo wangu, "Humu ni mwako peke yako, hakuna atakayechungulia," na wakati huo ilikuwa kweli. Mwaka huu wenye tovuti wakaleta mambo mapya kwenye akaunti, za kituo kizima zikawekwa chini ya msimamizi mmoja, ambaye ni mimi, na msimamizi akapewa uwezo wa kufungua linki za kila mtu na hata kuzifuta, taarifa ikaja kwangu tu, nikabonyeza kukubali, wala sikumwambia mtu.

Nilijiambia naangalia ili nijue wanafunzi wanasoma nini, lakini nikudanganye ya nini, wa kwanza kumfungua alikuwa Therese. Nikakuta amehifadhi ukurasa wa kanisa moja ambapo watu huandika majina ya ndugu waliopotezana nao, ameandika jina la Emile na la kijiji chao, na chini yake kuna jibu jipya la mtu anayesema ni mdogo wake Emile, kwamba kaka yuko hai, yuko kambini Uganda, anafanya useremala, na kila anayefika kutoka Kongo anamuuliza kama amemwona Therese na mtoto. Therese alikuwa chumba cha pili anawafundisha akina mama kushika kipanya cha kompyuta, namsikia anacheka, na yeye huo ukurasa huufungua Ijumaa tu zamu yake inapofika, kwa hiyo jibu alikuwa hajaliona, nami nikaifuta ile linki, nikabonyeza tu kama mtu anayeua mbu.

Ijumaa alikaa pale kompyutani mpaka wenzake wakaondoka, kisha akaniita, "Obedi, ile adresi yangu imepotea. Nilifanya faute gani, nilikosea wapi? Unisaidie, ile njo njia moja tu niko nayo." Nami nikainama pembeni yake nikajifanya natafuta, nikamwambia labda ni mtandao, akanishukuru, Mama, akasema Mungu anibariki, na Benita akaja akanishika mkono akaniita tonton, yaani mjomba, kama kawaida yake. Tangu hapo chakula hakipiti. Tovuti inasema kilichofutwa kinatunzwa mwezi mmoja kabla ya kupotea kabisa, na mwezi unakaribia kwisha, nami mara nawaza nikiirudisha kimyakimya hatajua kitu na nitabaki mtu mzuri machoni pake, mara nawaza nikiiacha ipotee huenda akachoka kungoja akanikubali, na mama yangu kule nyumbani ameshaanza kuwaambia majirani kwamba analetewa mkwe. Nifanye nini?

O., Kasulu

Marahaba, Obedi. Barua yako sikuiacha isubiri zamu yake. Uliandika namba ya simu, nikakupigia siku ileile niliyoisoma, kwa hiyo sehemu ya jibu hili umeshaisikia. Naiandika hapa kwa sababu huko nje wapo wengine wengi waliokabidhiwa siri za watu.

Umeona aibu, na una haki ya kuiona. Asiyeiona kwa jambo kama hili nisingempigia simu. Lakini usinichanganyie mapenzi humu. Kumpenda Therese si kosa, na kungoja kwako kulikuwa kwa heshima. Kosa lilianza pale ulipokubali kupewa macho ya kuchungulia na ukanyamaza. Kisha ukamfuta baba wa mtoto anayekushika mkono. Mtu anaishi kwa kumuulizia mkewe kwa kila mgeni, mke anaishi kwa kumtafuta, na wewe ukasimama katikati yao na kidole chako.

Kwenye simu uliniuliza, "Mama, si nikiirudisha tu inatosha?" Nilikukatalia. Kuirudisha kimyakimya ni kumfanya aendelee kukuombea baraka bila kujua anamwombea nani.

Nashukuru ulinisikia. Kesho yake asubuhi ulikwenda kwa mkuu wa kituo, Bi Veronica, ukamweleza, kisha ukamwita Therese, ukairudisha linki mbele yake na kumwambia yote. Uliniandikia kwamba alilisoma lile jibu, akakugeukia: "Ulikuwa unajua? Ile siku nilikuombea baraka, ulikuwa unajua?" Ukamjibu, "Nilikuwa najua." Akakuambia, "Utoke mu kiti." Akakaa yeye, akamwandikia shemeji yake kwa mkono wake mwenyewe. Tangu siku hiyo hajasema na wewe, na sasa unaniuliza umwandikie barua au umpelekee Benita zawadi.

Hapana. Barua usiandike, na mtoto usimtumie. Kama Therese atakwenda kwa Emile, au Emile atamfuata, au watakutana wakaona miaka imewabadilisha, hayo ni yao. Wewe si mmoja wa wanaoulizwa. Akihitaji msaada wa karatasi za safari, ofisi ipo, Bi Veronica yupo.

Kazi yako ni hii. Wakusanye wanafunzi wote uwaambie wazi kwamba msimamizi anaona kila wanachohifadhi, ili anayetaka kutoa vyake avitoe. Mpe Bi Veronica usimamizi wa akaunti, na adhabu ya ofisi ikija ipokee bila kusingizia mapenzi. Mpigie mama yako leo umwambie harusi haipo. Asiachwe akiwaahidi majirani. Na usiache kula. Kukonda kwako hakumrudishii Therese zile wiki ulizomnyang'anya.

Umemwomba radhi mara moja, uso kwa uso, kwa maneno yanayoeleweka. Inatosha. Siku akitaka kukusamehe anajua pa kukupata. Wewe usiende kugonga kwake.