Mkuki Uliofukuliwa na Plau

Nyakwara Akinyi, mjukuu wangu,

Huku Migori tu wazima. Shangazi yako amejifungua msichana kule Homa Bay, na mahindi yameanza kubeba.

Umeniuliza ni nani walioshinda vita vya zamani pale shambani kwetu, sisi au watu wa ng'ambo ya mto. Nilipokuwa kijana, plau yangu ilifukua chuma cha mkuki pale pale. Nikakipeleka mbio kwa nyanya yangu, nikamuuliza swali kama lako. Akanisimamisha langoni, maana chuma kilichoua hakiingii bomani.

"Siku ya kupatana tuliweka ua wa matawi katikati yetu na wao," akaniambia. "Akina mama wakapitishiana watoto juu yake, kila mmoja akamnyonyesha mtoto wa adui. Mimi nilimtoa baba yako. Mwanamke wa ng'ambo aliyempokea alimnyonyesha mpaka akashiba, na aliponirudishia, alikuwa amempangusa mdomo."

Nilikirudisha chuma ardhini. Nani alishinda, nyanya hakuniambia, wala mimi sijui. Lakini habari ya kupangusa mdomo aliirudia mpaka uzeeni, kila alipomwona baba yangu akila.

Babu yako