Hotuba ya Fedha Siku ya Sabato

Kendu Bay, Jumamosi, 1966. Mvua imeanza jioni hii, nami bado nimevaa suti.

Leo nusura niiharibu kazi ninayoitamani kuliko zote, tena kwa ujinga ambao hata mtoto wa Shule ya Sabato asingeufanya.

Nimefundisha uchumi chuo kikuu Nairobi miaka kadhaa sasa, nikichora mistari ubaoni huku wanafunzi wakisinzia. Nimechoka. Nataka kuwa mshauri Wizara ya Fedha, mahali ambapo ninachokijua kitamfaa mtu aliye macho. Katibu wa Wizara alinipa mtihani mmoja: nifanye baraza la wananchi huku nyumbani, nieleze kwa nini Kenya inatoa pesa zake yenyewe badala ya shilingi tunayotumia pamoja na majirani, naye atakuja kusikiliza. Watu wakielewa, kazi ni yangu. Wasipoelewa, nirudi kwenye chaki.

Nikachagua Jumamosi, kwa kuwa siku nyingine nafundisha, na Jumapili nasafiri kurudi Nairobi.

Mimi niliyezaliwa hapa kwa Wasabato, wanaoitakasa Jumamosi, nikabatizwa katika ziwa hili, na ambaye mama yangu hata moto hawashi siku hiyo! Masomo ya Uingereza yalinifanya niione Jumamosi kuwa siku ya kufua soksi. Chifu wetu, anayeitisha mabaraza, aliiona tarehe akaipitisha, maana aliamini mtu aliyesoma ng'ambo hakosi sababu zake.

Basi asubuhi uwanjani tulikuwa mimi, Katibu na mbuzi. Katibu alivitazama viti vitupu, kisha akanitazama mimi. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Kutoka kanisani tulisikia mji mzima ukiimba.

Sikuwa na la kufanya ila kumpeleka huko. Mzee wa kanisa, Mzee Okeyo, alinisikiliza mlangoni nikiomba nafasi ya kuzungumza, akanijibu kwa Kiswahili kwa heshima ya mgeni: "Wewe ni mtoto yetu, utaongea. Lakini leo ni Sabato. Mambo ya pesa hapana, hata kidogo."

Hotuba niliyoiandika ilikuwa pesa mwanzo hadi mwisho. Niliikunja nikaitia mfukoni, nikapanda mimbarani. Mama alikuwa kiti cha mbele.

Nikaanza na Yusufu kule Misri, alivyoweka nafaka miaka ya shibe katika ghala ambalo kila mtu aliliamini. Nikasema sisi na majirani zetu tumekuwa tukichota kwenye ghala moja, ingawa kila nyumba ina njaa yake. Sasa kila nyumba inajenga lake na kushika ufunguo wake. Nikawatuliza kwamba mwenye debe la zamani atapewa debe jipya kwa kipimo kilekile, mradi asilifiche chini ya kitanda mpaka muda upite. Amina zikaanza kusikika.

Kisha mama mmoja anayepeleka samaki wakavu Isebania, mpakani na Tanzania, akainuka. "Na kama mtu ya Sirare, ng'ambo ya mpaka, ananiletea debe ya kwao, nifanye nini?"

Wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu hawajawahi kuuliza swali zuri hivyo. Nilimjibu kwamba atalibadilisha kwenye mlango wa ghala, nikatamani kumkumbatia. Mzee Okeyo alinikodolea macho muda wote, lakini hakupata neno la kunikamata nalo.

Nje, Katibu alicheka mpaka akafuta machozi. "Bwana," akasema, "pale Wizarani tumemtafuta sana mtu anayeweza kuzungumzia fedha asubuhi nzima bila kuzitaja."

Kazi ni yangu.

Ila Mama anawaambia majirani kwamba mwanawe ameitwa kuhubiri. Nimemsikia sasa hivi sebuleni, akimweleza jirani habari za ghala na ufunguo, na hakukosea hata kidogo. Miaka yote hii hakuwahi kuelewa nafanya kazi gani, na jambo hilo limeniuma kuliko nilivyokubali.

Nimsahihishe? Acha kwanza afurahi. Hata mimi nimefurahi.