Hilo Neno "Tu"

Nyumbani kwa kaka yako,
Chumba cha uani,
Jumapili asubuhi.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Ulisema linakusumbua ukipanda ngazi, na ninavyokujua, bado unazipanda. Huku sote wazima. Baba amepona kikohozi, ila amenogewa na kuhudumiwa, kwa hiyo anakohoa kila akitaka chai.

Barua yako nimeisoma. Asante kwa kunihangaikia mpaka nikapata nafasi ya uhasibu ofisini kwenu, na najua bosi wako anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Jibu langu ni hapana. Usikasirike kwanza, Shangazi, soma mpaka chini.

Uliandika kwamba ulimwambia bosi, "Yupo tu nyumbani." Hilo "tu" limeniuma. Basi ngoja nijitambulishe upya, kana kwamba hukuwahi kunibeba mgongoni.

Mimi ni mwanahisabati, si mhasibu. Kujumlisha kwa kichwa kunanishinda hata leo, muulize mama nikitoka sokoni. Kazi yangu ni kutafuta mpangilio ndani ya mambo yanayoonekana vurugu, kisha kuthibitisha kwamba nimeupata. Tena natengeneza programu za kompyuta. Sijaajiriwa na mtu: mteja ananipa kazi, naimaliza, nahamia nyingine. Na hapana, sitengenezi printa. Mjomba ameshaniletea ya pili.

Sasa nafanya kazi ya kiwanda kidogo cha mikate. Gari lao lilikuwa likirudiarudia barabara zilezile, nikawaundia programu ya kuchagua njia fupi. Nikavimba kichwa. Siku ya majaribio nikapanda na dereva, tukafika duka la kwanza, kumbe mikate yake iko ndani kabisa, nyuma ya trei za maduka mengine yote. Nilipanga njia nikasahau kupanga gari. Kinachoshuka kwanza kinatakiwa kipakiwe mwisho! Tulishusha trei barabarani, mimi natamani ardhi ipasuke.

Nikarudi chumbani nikaiandika upya. Siku hizi inapanga njia na upakiaji pamoja, na mwenye kiwanda amenitafutia mteja mwingine.

Naitaka kazi hii, Shangazi. Ikinishinda nitakuambia mwenyewe, lakini siiachi kabla haijanishinda.

Jana jirani alipiga hodi, akamwomba mama anitume dukani, maana nipo tu. Nilikuwa nyuma ya mlango na kompyuta yangu, na kwa mazoea nikaanza kutafuta ndala. Nikamsikia mama akijibu taratibu, "Yupo kazini."

Jirani akauliza nitarudi saa ngapi.

"Jioni," mama akasema.

Nililia kidogo, sikufichi. Kisha nikafanya kazi kimyakimya mpaka jioni, kwa sababu mama alikuwa ameshaahidi.

Baba na mama wanakusalimu sana. Nisalimie mumeo na kitindamimba wenu, natumaini siku hizi anawaacha mlale. Bosi wako mshukuru kwa niaba yangu, umwambie binti wa kaka yako ana kazi. Mungu akupe afya, na ngazi chache.

Wako akupendaye,
Binti wa kaka yako, aliye kazini.