Nazi Niliyopeleka Chonyonyo

Avelina, nimetoka kutambulishwa kama mchumba kwa kina Eliud, huku Chonyonyo. Nimekaa hapa nasubiri bodaboda, sihisi chochote.

Nilimpelekea mama yake nazi niliyoitoa Tanga. Akauliza yale matundu matatu ni nini.

Mimi na mdomo wangu! Nikasema mabaharia Wareno waliona uso, wakaiita koko, jina la zimwi la kutishia watoto.

Zimwi, Avelina. Nilisema zimwi, na dada yake Eliud kaketi pale na mimba ya miezi minane; kumbe kwao huko ni kumwitia mtoto balaa.

Mama hakugomba. Alichukua kikapu cha kahawa ya kutafuna, ile ya kumkaribisha mgeni, akakirudisha ndani. Sikuwa nimeonja hata punje.

Nazi wamenirudishia. Iko mapajani, inanitazama.